Mashine ya mayai 176 niliyonunua Mwanjelwa: inapima hewa, haipimi yai

Nimeulizwa habari za mashine hii na watu wengi mno, kuanzia wenzangu wa kwaya hadi mama anayeniuzia pumba hapa Uyole, Mbeya, na kila ninapojibu nasahau kitu. Naandika mara moja, kwa kirefu, ili anayetaka kununua asome kabla hajatoa hela yake.

Ni mashine ya kutotoleshea vifaranga, ya mayai 176, yenye trei mbili za mayai 88, moja juu ya nyingine. Inatoka China, kama nyingi zinazouzwa huku. Nililipa shilingi 680,000 kwenye duka moja la vifaa vya ufugaji pale Mwanjelwa, mwishoni mwa Aprili, na ndani ya bei hiyo nilipewa waya wa betri ya volti 12, tochi ya kupimia mayai na karatasi ya maelekezo. Hadi leo nimetotolesha mara mbili, na mayai ya mara ya tatu yamo ndani, siku ya kumi na moja.

Nianze na hukumu yangu. Inunue, lakini usiiwashe kama ilivyotoka kwenye boksi. Mara ya kwanza nilifuata karatasi ya maelekezo neno kwa neno, nikapata vifaranga 98. Mara ya pili, baada ya kuhamisha kitu kimoja chenye ukubwa wa punje ya harage na kurekebisha mambo mengine mawili, nikapata 131. Mayai yalikuwa idadi ileile, kutoka kwa wafugaji walewale, na chumba kilekile, tena Julai, wakati baridi ya Uyole inakuwa kali kweli.

Niseme nilikotoka ili mjue kwa nini nimeisumbukia hivi. Nilifanya kazi miaka kumi na minne kwenye kiwanda cha chai huko Rungwe, chumba cha vipimo. Kazi yangu ilikuwa kuangalia joto la hewa inayoingia kwenye mashine ya kukaushia majani: likizidi chai inaungua, likipungua inabaki na unyevu na kuharibika ndani ya magunia. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nawaza mambo manne tu. Kipimo kiko wapi? Kinachelewa kiasi gani? Kidhibiti, yaani kifaa kinachowasha na kuzima moto, kinafanya nini kikipata habari? Na kile tunachokitaka hasa, yaani chai, kinaiona hewa hiyo kwa namna gani? Nilipofungua mashine hii mezani kwangu niliona ni mambo yaleyale manne, ila sasa mwishoni hakuna jani, kuna kiumbe.

Kinachowatisha wanunuzi wengi si tatizo. Siku niliyokwenda kununua, kijana wa dukani alikuwa na mashine mbili zilizorudishwa.

"Shikamoo mama. Hizi wateja wamezileta, wanasema namba haitulii. Inapanda 38, inashuka 37.1, inapanda tena."

"Marahaba mwanangu. Inachukua muda gani kupanda na kushuka?"

"Kama dakika nne hivi."

Nikamwambia hizo mashine nzima. Kidhibiti chake ni cha aina rahisi kuliko zote: joto likishuka chini ya mpaka kinawasha hita, likivuka mpaka wa juu kinazima. Hakijui nusu wala robo. Kwa hiyo namba lazima icheze, kama mtu anayepika kwa kuni akiwa na maneno mawili tu, chochea na ondoa. Kiwandani tulikuwa na vidhibiti vya hesabu tatu, vinavyotazama kosa la sasa, kosa lililojilimbikiza na mwendo wa kosa, na hivyo hutuliza namba ikasimama kama imepigwa msumari. Vinapatikana pia kwa ajili ya mayai, na bei yake ni nyingine. Je, yai linavihitaji?

Nilitaka kujua kwa kupima. Nilichukua yai la kawaida, nikalitoboa, nikalimwaga, nikalijaza uji mwepesi wa wanga uliopoa ili maji ya ndani yasizunguke ovyo, nikaingiza kihisio chembamba, yaani kile kipande kidogo kinachohisi joto, hadi katikati na kuziba kwa nta ya mshumaa. Nikalilaza kwenye trei kati ya mayai mengine. Hewa ilipokuwa inacheza kutoka 37.1 hadi 38.0, namba ya ndani ya yai langu haikusogea hata sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Usiku mzima nilikuwa naamka kuitazama, na ilikuwa vilevile. Yai ni zito na limejaa maji, linachukua dakika nyingi, karibu saa nzima, kulifuata joto la hewa. Kabla halijaanza kufuata kupanda, hewa imeshaanza kushuka. Yaani yai lenyewe ni kichujio, na linachuja kazi mbovu ya kidhibiti cha bei nafuu bila kulipwa. Mungu aliliumba kwa ajili ya kuku anayenyanyuka kwenda kula na kunywa, akaliacha kwenye kiota cha nyasi dakika ishirini kila siku, kisha akarudi.

Kwa hiyo wapendwa, msirudishe mashine kwa sababu namba inacheza.

Kinachoua mayai ni joto lililopinda, yaani lililokaa juu au chini ya linalotakiwa muda wote, hata kama namba haichezi. Na hapa ndipo mashine hii ina kosa lake kubwa. Kihisio chake kimening'inizwa juu kabisa, sentimita chache kutoka kwenye feni na hita. Kinapata hewa ya moto kabla ya yai lolote, kinasema "tumefika", hita inazima. Kioo kinaonyesha 37.8. Niliposogeza yai langu la kipimo trei ya juu nilisoma 37.9. Trei ya chini nikasoma 36.6. Nyuzi moja na sehemu tatu kati ya ndugu wawili waliomo nyumba moja, siku ishirini na moja mfululizo. Hiyo haichujwi na chochote. Kuyumba kwa dakika nne yai halikuoni, lakini upungufu wa nyuzi moja unaodumu wiki tatu unamfikia kiumbe mzima mzima.

Na matokeo yakasema hivyohivyo. Mara ya kwanza, siku ya saba nilipopima kwa tochi, mayai 157 yalikuwa na mbegu: 78 juu, 79 chini. Trei ya juu ilianza kudonoa mapema, siku ya ishirini, ikatoa vifaranga 61. Trei ya chini ilichelewa hadi siku ya ishirini na mbili, wengine ya ishirini na tatu, ikatoa 37. Nilivunja mayai yaliyobaki chini moja moja, kazi isiyopendeza lakini lazima ifanyike, nikakuta vifaranga wengi wamekamilika kabisa, wana manyoya, wamekufa na kiini kikiwa hakijaingia chote tumboni. Hao hawakuwa mayai viza. Walikosa nyuzi moja ya joto. Nilikaa pale chini na beseni nikiwatazama, na nakiri iliniuma.

Mama yangu, ambaye bado anafuga Rungwe, hajawahi kumiliki kipimajoto. Nilimweleza kwa simu, akaniuliza: "Hiyo mashine haiyageuzi ya pembeni kuyaingiza katikati?" Mtetea anapoatamia mayai kumi na mbili, ya pembeni hupata joto dogo kuliko yaliyo chini ya kifua. Yeye hana namna ya kulifanya joto la kiota liwe sawa kila mahali. Anachofanya ni kuyahamisha mayai yenyewe, kwa mdomo, mara nyingi kwa siku, la nje liwe la ndani, la ndani liwe la nje, mpaka kwa wastani kila yai limepata haki yake. Akihisi yai limepoa anakaa kwa kulibana zaidi na mwili wake unaongeza kuzalisha joto. Huo ni mrejesho kamili, yaani kupima kisha kujirekebisha, na kipimo chake kimegusa yai lenyewe kupitia ngozi tupu ya kifuani. Wahandisi wanatafuta maisha yao yote kuweka kipimo mahali pa namna hiyo. Mwanahisabati Norbert Wiener wa Marekani, alipotangaza mwaka 1948 kwamba udhibiti katika mnyama na udhibiti katika mashine ni elimu moja, watu wengi walishangaa. Sidhani mama yangu angeshangaa.

Basi nikafanya mambo matatu kabla ya kuingiza mayai ya pili.

La kwanza, nilikishusha kihisio. Waya wake unatosha. Nilikata klipu mbili za plastiki, nikakining'iniza katikati ya trei mbili, usawa wa mayai, mbali na ukuta. Nikafunga feni ndogo ya kompyuta chini kabisa, inayosukuma hewa juu, kwa umeme uleule wa volti 12. Tofauti ya trei mbili ikashuka hadi sehemu nne za nyuzi. Na hizo nne nilizimaliza kwa njia ya mtetea: kila asubuhi nabadilisha trei, ya juu inakwenda chini. Inachukua dakika mbili. Jihadharini na jambo moja: kihisio kikikaa mbali na hita, habari inachelewa kukifikia, na namba itacheza zaidi kuliko mwanzo. Yangu sasa inacheza kutoka 36.9 hadi 38.2. Mtu asiyejua ataona nimeiharibu mashine. Kosa la kucheza limeongezeka, kosa la kupinda limekwisha, na yai linalijali hilo la pili peke yake.

La pili ni kuipima mashine yenyewe kama inasema kweli. Jirani yangu alinishauri nitumbukize kipimo kwenye maji yanayochemka, nione kama kinasoma 100. Hapa kwetu usifanye hivyo. Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka karibu na nyuzi 94, ndiyo maana maharage yetu yanakaa jikoni muda mrefu hivyo. Ukikirekebisha kipimo chako kisome 100 hapo, utakuwa umekidanganya kwa nyuzi sita. Tumia barafu inayoyeyuka, hiyo ni sifuri mahali popote, kisha tumia kipimajoto cha homa cha dukani kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu karibu na 37.5, maana hicho kimetengenezwa kuwa sahihi hasa kwenye joto hilo. Mashine yangu ilikuwa inasoma juu kwa sehemu mbili za nyuzi. Menyu inaruhusu kusahihisha.

Kipimo cha unyevu ndicho kilichokuwa kinanidanganya kweli. Chukua chumvi ya mezani, ilowanishe kidogo tu iwe kama mchanga wa pwani, iweke kwenye chupa pamoja na kipimo, funika barabara, ngoja saa sita hivi. Hewa ya ndani ya chupa hiyo inatulia kwenye unyevu wa asilimia 75. Changu kilisoma 82. Maana yake nilipokuwa naona 50 na kufurahi, ndani kulikuwa na 43.

La tatu linahusu unyevu huohuo, na hapa nawaomba watu wa nyanda za juu mnisikilize kwa makini, kwa sababu karatasi ya maelekezo haikuandikwa kwa ajili yetu. Inasema unyevu uwe 50 hadi 55 hadi siku ya kumi na nane, kisha 65 na zaidi. Yai linatakiwa lipoteze asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake ifikapo siku hiyo ya kumi na nane, maji yakitoka kupitia vitundu vya ganda, ili chumba cha hewa kwenye ncha butu kiwe kikubwa vya kutosha kwa kifaranga kuvuta pumzi yake ya kwanza. Huku kwetu hewa imekonda, ina mgandamizo wa asilimia 80 hivi tu ya ule wa pwani, na mvuke hupenya ganda kwa haraka zaidi, karibu robo zaidi. Ongeza baridi. Hewa ya Julai ya nyuzi 10, hata ikiwa na unyevu wa asilimia 80, ukiipasha hadi 37.5 inabaki na unyevu wa kama asilimia 15 tu. Mashine inavuta hewa hiyo usiku kucha na kuyanyonya mayai.

Kwenye mashine hii unyevu haudhibitiwi na chochote. Kuna trei ya maji chini na namba kwenye kioo, basi. Kipimo kipo, mkono wa kutenda haupo. Mkono ni wewe. Nilipopima uzito wa mayai kumi ya kila trei kwa mizani ndogo ya jikoni, mara ya kwanza yalikuwa yamepoteza asilimia 16. Vifaranga wengi walionata kwenye ganda walitokana na hilo. Mara ya pili niliongeza upana wa maji, si kina, kwa sababu mvuke hutoka kwenye uso wa maji: niliweka sahani mbili pana na kitambaa kilichochovya, nikalenga 60 ya kweli. Nikawa napima uzito siku ya sita, ya kumi na mbili na ya kumi na nane, na kuongeza au kupunguza sahani kwa kufuata mizani, kioo nikakiacha. Nilimaliza na asilimia 12 na nusu. Kama utafanya jambo moja tu katika haya yote, fanya hili la mizani. Ndicho kipimo pekee kinachosema habari za yai lenyewe, wala hakihitaji umeme.

Kuna jambo dogo la pembeni: inajulikana kwamba kuku wanaohamishiwa kwenye mwinuko tofauti hubadilisha ganda la mayai yao kulingana na hewa ya huko. Kwa hiyo mayai ya wafugaji wa Uyole, Igoma au Isyonje yana nafuu kuliko yaliyosafirishwa kutoka chini. Mimi nanunua ya karibu.

Siku za mwisho kuna badiliko ambalo mashine hailijui kabisa. Mwanzoni yai ni kitu baridi kinachopokea joto. Kuanzia katikati ya safari kiumbe anaanza kutoa joto lake, na wiki ya mwisho anatoa jingi. Yai langu la uji lilikuwa bado linasema 37.7 siku ya kumi na sita, nikataka kuridhika, kisha nikakumbuka uji hauna moyo. Nikabandika kihisio kwa plasta kwenye ganda la yai hai na kulisikiliza: 38.4. Yaani mtambo niliokuwa naudhibiti umegeuka mikononi mwangu, kutoka kitu kinachopokea kuwa kitu kinachozalisha, na kidhibiti kinaendelea kuamini kuwa ni kilekile cha siku ya kwanza. Hita inaweza kuzimwa tu, haina namna ya kupoza. Ganda likifika karibu na 39 kifaranga anaanza kuumia. Kuanzia siku ya kumi na tano sasa nashusha lengo hadi 37.2 na kufungua matundu ya hewa, ambayo kwa mwinuko wetu yanatakiwa kuwa wazi hata hivyo, maana oksijeni ni chache na hitaji lao linapanda. Baridi ya Mbeya inanisaidia hapa: chumba cha nyuzi 14 kinabeba joto la ziada. Dada yangu yuko Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, anayo mashine ya aina hiihii, na shida zake ni kinyume cha zangu kabisa. Anapigana na joto la alasiri, unyevu anao wa kumwaga. Mwenzangu wa Kyela usifuate sahani zangu.

Umeme: uniti 31 mara ya kwanza, 38 mwezi wa Julai. Ulikatika mara moja usiku, kwa muda wa saa tatu nzima, siku ya tano. Betri yangu haikuwa imechajiwa. Nilifunga matundu nusu, nikafunika mashine kwa mablanketi mawili na kuweka dumu la maji ya moto ndani ya kabati la chini. Yai la kipimo lilishuka hadi 31. Hawakufa, kwa sababu kiinitete, yaani kifaranga anayekua ndani ya yai, huvumilia kupoa kwa muda kuliko kinavyovumilia kuzidishiwa joto. Ukisikia mtu amepandisha joto hadi 39 "kufidia" baada ya umeme kurudi, mzuie.

Mota ya kugeuza mayai ni nzuri, inayageuza kila baada ya saa mbili bila kelele. King'ora kinafanya kazi. Mlango unaziba vizuri. Kioo cha dirisha kinapata ukungu. Karatasi ya maelekezo ni mbovu, Kiswahili hakuna, na ukurasa wa kihisio unaonyesha picha ya mashine nyingine.

Mara ya pili, kwa ufupi: mayai 176, yenye mbegu 158, vifaranga 131. Kutoka 62 kwa mia hadi karibu 83 kwa mia. Wengi walitoka siku ya ishirini na moja, trei zote mbili, ndani ya saa kumi na nane hivi. Nilisimama dirishani tangu saa tisa usiku. Nilipokuwa chuoni mwalimu wetu alitusimulia kwamba Mholanzi Cornelis Drebbel, akiwa Uingereza miaka ya 1620, alitengeneza tanuru lililojidhibiti lenyewe: joto likizidi, pombe iliyomo ndani inatanuka, inaisukuma zebaki, zebaki inainua fimbo, fimbo inafunga tundu la hewa na moto unapungua. Alilitumia kutotolesha mayai ya kuku. Na kabla yake, karne nyingi, Wamisri walikuwa na matanuru ya udongo yenye maelfu ya mayai, na mtunzaji aligusisha yai kwenye kope la jicho lake kujua joto lake. Wakati ule niliichukua kama hadithi ya kutuamsha darasani. Usiku ule nikatoa yai moja lililokuwa linadonoa, nikaligusisha kwenye kope langu. Lilikuwa na uvuguvugu wa mtoto, na kulikuwa na sauti ndani.

Nyota nne kati ya tano kwa atakayekihamisha kihisio. Kwa atakayeiacha ilivyo, mbili. Kuna fundi mmoja, hapa hapa mjini, anayetengeneza za mbao za mayai 200 kwa bei ya chini zaidi. Niliitazama, nikakuta kihisio kimegandishwa kwenye ukuta wa hita kwa gundi, hakisogei. Hiyo nisingeichukua.

Huduma ya duka imenifurahisha. Nilimpelekea yule kijana namba zangu zote kwenye daftari, akazisoma zote akiwa amesimama, kisha akaleta bisibisi na kuniomba nimwonyeshe kwenye mashine ya maonyesho. Zile mbili zilizorudishwa tulizirekebisha pamoja Jumamosi iliyofuata, na wenyewe wakazichukua. Sasa anavishusha vihisio kabla ya kuuza, lakini mzigo ukija mwingi hapati muda. Kwa hiyo ukifika, fungua mlango wa mashine kabla hujalipa, angalia kihisio kimening'inia wapi. Kikiwa juu, karibu na feni, mwambie akishushe ukiwa umesimama hapohapo.